Kiazi Angani Hajamaliza Kusema

Siku Raimo Lehtinen alipoondoka, kofia yake ilibaki mezani. Aili alipotoka kuoga aliiona pale jikoni, kofia ya sufu ya kijivu, kando ya kompyuta na kikombe cha kahawa kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Nje, katapila la manispaa lilikuwa limepita na kuziba mdomo wa njia yao ya gari kwa tuta la theluji, kama linavyofanya kila majira ya baridi pale Thunder Bay, Kanada, na Raimo alikuwa ametoka kulibomoa kabla halijaganda. Aili alikunja taulo, akasogeza kiti, ndipo akachungulia dirishani. Koleo lilikuwa limesimama wima kwenye theluji, peke yake. Raimo alilala chini yake kifudifudi, kama mtu aliyeangusha kitu kidogo na bado anakitafuta.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuteseka. Watu walikuja kanisani, wakala samaki wa kukaushwa kwa moshi, wakasema marehemu alikuwa mtu mkimya.

Ilikuwa kweli. Raimo alitumia maneno kwa ubahili, kana kwamba aliyopewa siku ya kuzaliwa yalikuwa machache na hayataongezwa. Asubuhi alisema, "Haya." Usiku alisema, "Haya basi." Theluji ikianguka alisema, "Imeanguka." Aili hakulalamika, maana baba yake mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, na wajomba zake wote, Wafini watupu, watu wanaoweza kukaa sauna, kile chumba cha mvuke, jioni nzima na kutoka wamesema neno moja tu, nalo ni "maji."

Kompyuta ilibaki mezani ikiwaka. Aili aliipita kando wiki nzima ya mazishi, akiifuta vumbi bila kuitazama, mpaka binti yao Kaisa alipopiga simu kutoka Winnipeg.

"Mama, hujaizima bado?"

"Naizimaje? Ni ya baba yako."

"Funga kwanza kilichofunguka, halafu bonyeza kitufe cha pembeni. Utaweza?"

"Nimeendesha trekta tangu utoto wangu, Kaisa."

Lakini trekta halina vitufe viwili vinavyofanana. Kwenye kioo palikuwa na kisanduku chenye maneno, na chini yake kitufe cha kijivu na kitufe cha buluu. Aili aliona cha kijivu kimechoka, akabonyeza cha buluu. Maneno yakaruka kutoka kisandukuni, yakaenda kukaa juu pamoja na maneno ya watu wengine.

Yalisema: *Ninyi nyote mmekosea, na sababu ni moja tu:*

Baada ya hapo, hakuna kitu. Nukta mbili, basi.

Aili alikuwa bado ameinua kidole hewani pale majibu yalipoanza kumiminika.

*Kiazi amefufuka!* aliandika mtu aliyejiita Mvivu wa Zohali. *Ulikuwa wapi, mzee? Haya, sababu gani?*

*Amekwenda chooni,* akajibu mwingine, Mbishi Namba Mbili. *Subirini. Uzee huo.*

*Mwacheni apumue,* akasema wa tatu, Shangazi Protoni. *Kiazi akisema moja tu, ujue zinakuja kurasa sita.*

Aili alikaa kwenye kiti cha mumewe. Alisoma kutoka chini kwenda juu, halafu akajifunza kusoma kutoka juu kwenda chini, na taratibu akaelewa yuko wapi. Palikuwa panaitwa Kijiwe cha Mirihi. Watu walikutana hapo kubishana juu ya tamthilia za anga za mbali, na habari za sayansi, na lolote lililopita karibu. Aliyefungua uzi ule wa mazungumzo alikuwa amebandika habari kwamba wataalamu fulani walikuwa wameelekeza mitambo yao kwenye nyota za mbali, wakasikiliza kwa muda mrefu, na hawakusikia hata kikohozi. Swali lilikuwa: kwa nini hakuna anayetujibu?

*Wamezuia namba yetu,* alikuwa ameandika Mvivu wa Zohali.

*Walitusikia, wakazima taa, wakajilaza chini kama watu wanaodaiwa na muuza maziwa,* aliandika Mbishi.

*Wanangoja tamthilia iishe kwanza,* aliandika Shangazi Protoni.

Chini yao wote, mtu aliyeitwa Kiazi Angani alikuwa amesema wote wamekosea.

Kiazi Angani alikuwa Raimo. Aili alibonyeza jina hilo, na kila alichokisema mumewe pale kijiweni kikafunguka mbele yake, miaka na miaka ya maneno. Yule mtu wa "haya" na "haya basi" alikuwa ameandika kurasa sita kuthibitisha kwamba chombo cha anga chenye madirisha mengi vile kingehitaji mtu wa kudumu wa kufuta ukungu. Habari ilipotoka kwamba wanasayansi wamefundisha panya kuendesha kigari, aliandika, *Na bado watakuwa na subira kuliko shemeji yangu.* Ilipotangazwa kwamba sayari fulani ina harufu ya kabichi iliyooza, aliandika, *Tusiwasumbue. Ni Wafini, wanapika.*

Aili alicheka. Sauti ya kicheko chake ilimshtua humo jikoni, akatazama mlangoni kama mtu aliyefumaniwa.

Na kila mahali alikuwapo mtu mmoja aliyeitwa Nahodha. *Nahodha anaita, supu ya samaki imeiva, naondoka. Nahodha ameniambia nikiendelea kubishana na vijana nitalala sauna. Nahodha ameangalia nami kipindi cha leo.* Ilimchukua muda kutambua Nahodha ni nani. Alilitambua hilo alipofikia kipindi cha sayari ya barafu.

Aliikumbuka jioni hiyo. Raimo alikuwa anaangalia tamthilia yake, yeye akifuma soksi. Kwenye kioo, mashujaa walikuwa wanakimbia katika tufani ya theluji, nywele zikipepea, masikio wazi. Aili aliinua kichwa mara moja tu na kuuliza, "Kofia zao ziko wapi?" Raimo hakujibu. Alisema, "Hm."

Kumbe alitoka hapo akaja kuwaambia watu hawa, na tangu siku hiyo ikawa desturi ya kijiwe. Kila filamu yenye sayari ya baridi ilipotoka, kila picha ya mwezi wenye barafu, wa kwanza kufika aliandika, *Nahodha anauliza: kofia ziko wapi?* Na wengine wote waliitikia, *Kofia ziko wapi!* Watu wa jangwani Arizona ambao hawajawahi kushika theluji walikuwa wanauliza swali la Aili Lehtinen kwa miaka, na yeye anafuma soksi.

Kesho yake alirudi. Kijiwe kilikuwa bado kinamngoja Kiazi.

*Nina nadharia,* aliandika Mvivu. *Aliijua sababu. Wenyewe wa huko angani wakamwona anaiandika, wakamchukua kabla hajamaliza.*

*Wangemchukua Kiazi?* akauliza Mbishi. *Wangemrudisha saa hiyo hiyo. Angewaeleza habari za madirisha.*

*Kiazi, kama wamekuteka, bonyeza kitufe chochote,* aliandika Shangazi Protoni.

Aili aliisoma hiyo mara nyingi. Mjini, kila alipokwenda, Raimo alikuwa amekufa. Dukani walimshika mkono. Benki walitaka cheti. Mchungaji alisema "marehemu" kama jina la ukoo. Lakini hapa, katika sehemu hii moja, kwa watu hawa wasio na sura, Raimo alikuwa mtu aliyekatiza sentensi na anayetarajiwa kurudi wakati wowote. Walikuwa wamemwekea nafasi, hata walimkasirikia kwa kuchelewa. Aili alijua kwamba siku akiwaambia ukweli, hapa pia Raimo atakufa, na hapatabaki mahali pengine duniani ambapo mtu anamsubiri.

Kwa hiyo hakuwaambia. Ila aliona ni utovu wa adabu kuwangojesha watu hivyo. Akavuta kompyuta, akaandika kwa vidole viwili:

*Habari zenu nyote. Asanteni sana kwa kusubiri. Sababu ni kwamba ni mbali mno. Nawatakia siku njema.*

Akabonyeza kitufe cha buluu, akaenda kuchemsha viazi akiwa ameridhika.

Aliporudi, kijiwe kilikuwa kinaungua.

*ASANTENI?* aliandika Mbishi Namba Mbili. *Kiazi ameshukuru watu? Huyo si Kiazi.*

*Na "siku njema,"* akaongeza Mvivu. *Nimemjua Kiazi tangu nina nywele. Hajawahi kunitakia hata siku ya wastani.*

*"Ni mbali mno,"* aliandika Shangazi Protoni. *Mtu apotee kwa wiki nzima, arudi na "ni mbali mno"? Hilo ni jibu la mtoto wa chekechea. Naogopa, jamani.*

*Nishajua,* akasema Mbishi. *Hiyo ni mashine. Mtu ameifundisha maneno ya Kiazi, na ameifundisha vibaya. Mashine ya bei rahisi. Ndiyo maana ina adabu.*

Watu wengine wangefikiri kwamba mtu ameibiwa jina, au amelewa, au amekufa. Watu wa Kijiwe cha Mirihi walikuwa wameangalia tamthilia nyingi mno kuwaza mambo mepesi kama hayo. Ndani ya muda mfupi walikuwa wameafikiana kwamba Kiazi wa kweli amebadilishwa na akili bandia, na kwamba lazima ifanyiwe mtihani.

*Wewe uliyemo humo,* aliandika Mbishi. *Kama ni Kiazi, jibu maswali. Ukikosea tunakufungia nje. La kwanza: ukiangalia tamthilia unakula nini?*

Aili alivuta pumzi. Hili alilijua. Akaandika, *Mkate mweusi wa rai na siagi, na tango la siki.*

*Uongo!* *Uongo mtupu!* *Kiazi anakula pilipili mbichi, mfuko mzima, anasema zinaamsha ubongo!*

Aili aliikodolea macho kompyuta. Raimo alikuwa akitokwa na machozi kwa pilipili manga.

*La pili. Urefu wako?*

Hili nalo alilijua. Yeye ndiye aliyekuwa akimpunguzia suruali. Aliandika, *Wa kawaida. Mfupi kidogo.*

*Mashine, mashine!* aliandika Mvivu. *Kiazi ni jitu! Anainama milangoni!*

"Ah, Raimo," Aili alisema kwa sauti, na kutikisa kichwa. Kadiri alivyosema kweli ndivyo alivyozidi kufeli. Alikuwa amemjua mtu huyu kwenye meza, kitandani na hospitalini, na hapa alikuwa anaanguka mtihani wake kuliko mtu baki.

*Mtoe tu, Shangazi,* aliandika Mbishi. *Wewe ndiwe mwenye funguo za kijiwe. Mfungie.*

*Swali la mwisho,* akajibu Shangazi Protoni. *Kwa haki. Tueleze habari ya dubu.*

*Dubu gani?* aliandika Aili.

*HAIJUI DUBU!* *Jamani, haijui dubu!* *Fungeni milango!* Na Mvivu wa Zohali, kwa huruma kama ya mtu anayemweleza mwizi kwa nini anapigwa, akafafanua: *Wewe bati, kila mtu hapa anajua. Dubu aliingia jikoni kwa Kiazi kunusa mkate. Nahodha akapanda juu ya meza akipiga kelele. Kiazi akachukua kikaango, akamfukuza dubu hadi mtoni, naye yuko na chupi tu.*

Aili aliisoma mara moja. Damu ilimpanda hadi kwenye masikio. Vidole viwili vikawa sita.

*DUBU NILIMFUKUZA MIMI. Kwa kikaango changu cha chuma, nilichopewa na mama yangu. Aliyepanda juu ya meza ni Raimo. Na hakuna aliyefika mtoni, dubu aliishia kwenye banda la kuni. Chupi ni kweli.*

Akabonyeza buluu kwa nguvu hadi kahawa ikatikisika.

Aliyejibu kwanza hakuwa Mbishi wala Mvivu.

*Raimo ni nani?* aliuliza Shangazi Protoni.

Hapo ndipo Aili alipoona alichofanya. Ilikuwa kana kwamba mlango umeachwa wazi, upepo unaingia. Bado angeweza kuufunga. Angeweza kubonyeza kile kitufe cha pembeni, wakasema mashine imekimbia, wakaendelea kumngoja Kiazi wao mrefu mla pilipili mpaka wachoke. Aliitazama ile sentensi juu kabisa, na nukta zake mbili. Watu hawa walikuwa wanapanga hata kwenda kumwokoa. Wengine kati yao, aliona, walikuwa na wasiwasi wa kweli chini ya utani wao. Shangazi Protoni alikuwa ameuliza kila siku, kila asubuhi, *Kiazi, uko?*

Akaandika polepole:

*Raimo ni Kiazi. Mimi ni mke wake. Raimo amefariki. Alikuwa anawaandikia, katapila likapita, akatoka kutoa theluji. Hakurudi. Nilibonyeza kitufe nikidhani nafunga. Samahanini.*

Jibu la kwanza lilikuja upesi kuliko yote, nalo lilitoka kwa Mbishi Namba Mbili. Lilikuwa neno moja.

*Chanzo?*

*MBISHI!* aliandika Shangazi Protoni.

*Samahani. Samahani, mama. Ni kidole kimezoea. Hapa mtu akisema lolote tunamwambia chanzo. Sikuwaza. Mimi ni punguani.*

Lakini Aili hakukasirika. Aliona ni swali la haki. Raimo mwenyewe angeuliza, ijapokuwa si hapa nyumbani. Akatazama jikoni akitafuta kitu cha kuwaonyesha. Cheti kilikuwa benki. Koleo lilikuwa banda la kuni. Mezani palikuwa na chumvi, na ile kofia, ambayo alikuwa ameizunguka na kitambaa cha vumbi bila kuigusa.

*Kofia yake ilibaki mezani,* aliandika. *Iko hapa mbele yangu. Mwezi wa pili, Thunder Bay, mtu hatoki bila kofia. Anayetoka bila kofia ni yule anayerudi sasa hivi. Kwa hiyo najua alikusudia kumaliza kuwaambia.*

Mvivu wa Zohali akaandika:

*Kofia.*

Na tena:

*Nahodha? Nahodha, ni wewe?*

*Ndiyo,* aliandika Aili. *Inaonekana ni mimi.*

Walikuja wote basi, hata ambao alikuwa hajawahi kuyaona majina yao, mmoja baada ya mwingine, wakasema pole. Baadhi walisema vizuri na baadhi vibaya. Mmoja alisema alianza kusomea unajimu wa darubini kwa sababu Kiazi alimtukana juu ya pete za Zohali. Mvivu alisema ametoka nje ya ofisi, amekaa kwenye gari. Shangazi Protoni hakuandika kitu kirefu. Aliandika, *Nilijua si mashine. Mashine isingejali sana habari ya kikaango.*

*Nilikuita bati,* aliandika Mvivu.

*Uliniita.*

*Na mimi nikakuita mashine ya bei rahisi,* akasema Mbishi.

*Hilo nimelisikia pia.*

*Nahodha, kweli alikuwa mfupi?*

*Alikuwa ananifikia hapa,* aliandika Aili, akasahau kwamba hawamwoni anapoonyesha.

Hatimaye Mbishi, ambaye asingeweza kujizuia hata angefungwa mdomo, akauliza walichotaka kuuliza wote. *Nahodha, ile sababu. Ilikuwa ipi? Kwa nini hakuna anayetujibu?*

Aili alifikiri. Alipitia kichwani asubuhi zote, "haya" zote, kama kulikuwa na moja iliyobeba kitu. *Sijui,* aliandika. *Nyumbani hakusema. Ninyi mlimsikia zaidi yangu.*

*Angesema ni kwa sababu tunaongea sana,* aliandika Mvivu.

*Kiazi aseme watu wanaongea sana? Kiazi?* akasema Mbishi. *Angesema huko nako kuna theluji, wanatoa theluji, watajibu wakimaliza.*

*Angesema wametujibu,* akaandika Shangazi Protoni, *ila kwa "Hm," mitambo yetu haikushika.*

*Upuuzi! Chanzo?*

*Usinianze, Mbishi.*

Wakaanza. Walibishana kama watu wanaogombania kiti cha mbele, wakarudi kwenye madirisha, wakarudi kwenye kabichi, mmoja akataka kujua kama dubu anahesabika kuwa ni mgeni kutoka nje. Aili aliwatazama, viazi vyake vikipoa. Kisha akauvuta ubao wa herufi karibu, akaandika:

*Ninyi nyote mmekosea.*

Hakuongeza kitu. Walicheka kule walikocheka, kila mtu kwao, na yeye akacheka jikoni kwake, na safari hii hakutazama mlangoni.

Kaisa alipopiga simu Jumapili aliuliza, "Mama, umeizima ile kompyuta?"

"Bado."

"Nije nikusaidie?"

"Usije kwa hilo. Njoo na pilipili mbichi. Nataka kujaribu kitu."

Uzi ule haujafungwa. Shangazi Protoni ameubandika juu kabisa ya kijiwe, na sentensi ya Raimo inaishia pale pale, kwenye nukta mbili. Kofia iko kwenye msumari wake mlangoni. Tamthilia huanza Alhamisi baada ya chakula cha jioni, na Aili huiangalia akifuma, halafu huenda kuwaambia walipokosea.